Kutoka Kitaya hadi Muhimbili: Ndege ipi inamfaa mtoto mgonjwa?

Kitaya ipo mwisho wa ramani ya Tanzania, kusini mwa mji wa Mtwara, ndani ya Halmashauri ya Mji Nanyamba. Bonde lake linapakana na Mto Ruvuma, na ng'ambo ya maji ni Msumbiji. Wakazi wengi ni Wamakonde, na wapo wenye shangazi na wajomba upande wa pili, kwa sababu mpaka uliwakuta watu wakiwa tayari ni ndugu.

Bondeni hulimwa mpunga, na maeneo ya juu hulimwa korosho na ufuta. Mtoni kuna samaki, lakini pia kuna viboko na mamba, hivyo mzazi humkanya mtoto asisogelee maji peke yake. Kutoka hapo mto unateremka mashariki hadi baharini, kwenye mikoko ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000.

Wengi nje ya Mtwara walilisikia jina la Kitaya kwa mara ya kwanza Oktoba 2020, watu wenye silaha walipovuka mto kutoka upande wa Cabo Delgado na kukishambulia kijiji. Watu waliuawa na nyumba zikachomwa moto. Tukio hilo liliwakumbusha wakazi jambo wanaloishi nalo kila siku, kwamba kukaa mbali na makao makuu ya kila kitu kuna gharama yake.

Gharama hiyo humuumiza mzazi zaidi pale mtoto anapougua ugonjwa unaoizidi zahanati.

Huko bondeni, mtoto akitumwa kwenda kuamia ndege, wanaosemwa ni wale wanaokula mpunga. Ndege za kubeba abiria ni habari za mjini. Hata hivyo, uamuzi wa shirika la ndege kununua aina hii na kuacha ile, na uamuzi wa viwanda vya Ulaya na Amerika kuunda ndege kubwa badala ya ndogo, unaifikia familia ya Kitaya siku inapokabidhiwa barua ya rufaa ya kwenda Dar es Salaam.

Ngazi ya rufaa

Mgonjwa wa Kitaya huanza safari yake kwenye zahanati au kituo cha afya. Akizidiwa hupelekwa hospitali, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Ligula, mjini Mtwara. Juu yake sasa ipo Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, iliyojengwa eneo la Mitengo ili watu wa Mtwara, Lindi na jirani wapate huduma za kibingwa bila kuvuka Mto Rufiji.

Hospitali hiyo imepunguza safari nyingi, ila haijazimaliza zote. Mtoto aliyezaliwa na tundu kwenye moyo bado anahitaji Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Mwenye saratani hupelekwa Muhimbili au Ocean Road. Zote hizi zipo Dar es Salaam.

Kwa hatua za mwanzo, mzazi anapaswa kuifahamu namba 115. Ni namba ya bure ya mfumo wa m-mama, unaowatafutia usafiri wa dharura wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga, kwa gari la wagonjwa au kwa gari la dereva wa jirani aliyesajiliwa. Mama wa kijijini akipata uchungu usiku wa manane, hiyo ndiyo namba ya kwanza kupigiwa.

Kutoka Mtwara kwenda Dar es Salaam kwa barabara ni takriban kilomita 560, na basi huchukua sehemu kubwa ya siku. Mtu mzima mwenye afya huivumilia safari hiyo. Mtoto anayehema kwa shida, au aliyetoka kufanyiwa upasuaji, anaumia kwa kila tuta.

Barabara yenyewe nayo huwa na siku zake. Mei 2024, mvua kubwa na Kimbunga Hidaya viliharibu madaraja na makalavati eneo la Kilwa, likiwemo la Somanga, na mikoa ya Lindi na Mtwara ikakatika na Dar es Salaam kwa siku kadhaa. Mabasi yalikwama na malori ya bidhaa yakakwama. Kwa siku hizo, aliyekuwa na haraka ya hospitali alibaki na njia ya anga.

Pwani iliyozoea ndege kabla ya lami

Kusini mwa Tanzania kulipata huduma ya ndege mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1937 shirika la Uingereza la Imperial Airways lilianzisha safari ya ndege zinazotua majini kutoka Southampton hadi Durban. Ndege hizo zilipita Kisumu, Mombasa na Dar es Salaam, na kituo kilichofuata kilikuwa Lindi, kabla ya kuingia Msumbiji.

Lindi haikuchaguliwa kwa ukubwa wake. Ilikuwa na ghuba yenye maji yaliyotulia, na ndege ya wakati ule ilihitaji maji tu. Hakukuwa na haja ya kumwaga zege wala kukata minazi. Umbo la ndege liliamua ni mji gani uunganishwe na dunia.

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, viwanja vya lami vikawa vingi na ndege za majini zikaachwa. Mtwara ikapata bandari na uwanja wa ndege wakati wa mpango wa Waingereza wa kulima karanga Nachingwea. Karanga zilishindikana, lakini bandari ilikamilika mwaka 1954 na uwanja ukabaki.

Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililoanzishwa mwaka 1946, lilivunjika mwaka 1977, na mwaka huohuo likazaliwa Shirika la Ndege la Tanzania. Miongoni mwa ndege zake za mwanzo zilikuwamo Fokker F27 na Twin Otter, zote za aina ambayo Watanzania huita pangaboi. Zilikuwa na kelele, lakini zilimudu viwanja vifupi, na vilivyo vifupi ndivyo vilivyokuwa vingi nchini.

Pangaboi au jeti?

Leo uwanja wa Mtwara si ule wa zamani. Katika ukarabati wa miaka ya karibuni, barabara ya kurukia ilirefushwa kutoka mita 2,258 hadi mita 2,800 na kupanuliwa kutoka mita 30 hadi 45, ikawekwa na taa za kuongozea ndege usiku. Kwa urefu huo uwanja unapokea jeti za ukubwa wa kati.

Mashirika mawili ndiyo yanayojulikana zaidi kwenye njia hiyo. Precision Air, iliyoanzia Arusha miaka ya 1990, inatumia aina moja ya ndege, ATR za pangaboi kutoka Ufaransa. Ndogo yake, ATR 42, hubeba watu wasiozidi 50, na ATR 72 hubeba takriban 70.

Air Tanzania ilifuata njia nyingine. Septemba 2016 Serikali ilipokea pangaboi mbili za Dash 8 Q400 kutoka Canada, zenye viti 76. Julai 2018 ikaja Boeing 787-8, yenye viti 262. Desemba mwaka huohuo ikaja Airbus A220-300, yenye viti 132, na Tanzania ikawa ya kwanza Afrika kuwa na aina hiyo. Mwaka 2023 zikafuata ndege ya mizigo ya Boeing 767 na Boeing 737 MAX 9. Kufikia Agosti 2024 shirika lilikuwa na ndege 16.

Kwa mzazi aliyeshika tiketi, tofauti kati ya pangaboi na jeti kwenye njia ya Mtwara ni ndogo kuliko anavyoambiwa. Kwa mstari mnyoofu, Mtwara hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 400. ATR hukimbia kama kilomita 500 kwa saa na Q400 zaidi ya 600, huku jeti ikizidi 800. Lakini jeti hutumia sehemu kubwa ya safari hiyo ikipanda na kushuka, hivyo haipati nafasi ya kuonyesha kasi yake. Anachookoa abiria ni dakika chache.

Kwenye mafuta tofauti ni kubwa. Kwa safari fupi, pangaboi hutumia mafuta kidogo kuliko jeti ya ukubwa unaolingana nayo. Shirika likipeleka jeti ya viti 132 mahali penye abiria 50, viti vilivyo wazi vitalipiwa na mtu, ama shirika lenyewe, ama abiria, ama mlipa kodi. Na safari isiyolipa ndiyo ya kwanza kufutwa ndege zikipungua.

Jambo la pili ni idadi ya aina. Kila aina ya ndege inataka marubani waliosomea aina hiyo, mafundi wenye cheti chake na vipuri vyake. Ndiyo maana shirika la Southwest la Marekani, lenye mamia ya ndege, linatumia Boeing 737 peke yake. Shirika lenye ndege 16 za familia tano tofauti lina kazi kubwa zaidi. Ikiugua moja, mara nyingi haipatikani nyingine ya kushika nafasi yake.

Teknolojia mpya na madhara yake

Wahudumu wa afya wanajua kwamba dawa mpya inaweza kuwa bora na bado ikawa na madhara ambayo hayakuonekana kwenye majaribio. Ndege nazo ziko hivyo.

A220 ni mfano mzuri. Ni tulivu, madirisha yake ni makubwa na inakula mafuta kidogo. Siri yake ipo kwenye injini ya Pratt & Whitney, ambayo ina gia inayoliwezesha feni kubwa la mbele kuzunguka polepole kuliko mitambo ya nyuma yake. Feni kubwa linalozunguka taratibu husukuma hewa nyingi kwa kelele ndogo.

Hata hivyo, baadhi ya vipuri vya ndani vilichakaa mapema kuliko ilivyotarajiwa. Mashirika duniani kote yalilazimika kushusha injini na kusubiri foleni ya matengenezo. Novemba 2022 Air Tanzania ilitangaza kusimamisha baadhi ya A220 zake kwa sababu hiyo, na ratiba za ndani zikayumba. Mgonjwa mwenye miadi ya kliniki ya moyo hakuwa na habari za gia wala feni. Aliambiwa tu safari imeahirishwa.

Boeing 737 MAX ina funzo zito zaidi. Kiwanda kilitaka kuweka injini kubwa kwenye ndege ya muundo wa miaka ya 1960 iliyo karibu sana na ardhi, hivyo injini zikasogezwa mbele na juu. Hilo lilibadili tabia ya ndege angani, na ikawekwa programu ya kompyuta kuirekebisha. Programu hiyo ilitegemea taarifa ya kipimo kimoja. Ndege mbili zilianguka, ya Lion Air nchini Indonesia Oktoba 2018 na ya Ethiopian Airlines Machi 10, 2019, iliyokuwa ikienda Nairobi na watu 157. Waliokufa katika ajali zote mbili ni 346. MAX zote duniani zilisimamishwa, na ziliruhusiwa kuruka tena baada ya programu kubadilishwa na marubani kufundishwa upya. Za Tanzania zilipokewa baada ya marekebisho hayo.

Nyumbani nako, Novemba 6, 2022, ATR 42 ya Precision Air iliangukia Ziwa Victoria ikijaribu kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 19 walifariki. Wavuvi walikuwa miongoni mwa waliowahi kufika kuokoa.

Kisha Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliiingiza Air Tanzania katika orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa kuruka kwenye anga lake, na Juni 2025 katazo hilo likapanuliwa kwa mashirika yote yenye vyeti vya Tanzania. Hoja iliyotajwa ilikuwa upungufu katika usimamizi wa usalama. Katazo hilo haligusi safari ya Mtwara, lakini linamkumbusha kila anayepanda kwamba upya wa ndege hautoshi. Ndege mpya bila mafundi wa kutosha na msimamizi mkali ni kama hospitali yenye jengo zuri isiyo na wauguzi.

Hewa ya ndani ya ndege na mwili wa mtoto

Mahali ambapo muundo wa ndege unagusana moja kwa moja na afya ni kwenye hewa ya ndani.

Ndege ikiwa juu, hewa ya nje ni nyepesi mno kwa binadamu kupumua. Mitambo husukuma hewa ndani ili kuongeza mgandamizo, lakini haifikii ule wa usawa wa bahari, kwa sababu mwili wa ndege ungelazimika kuwa mzito zaidi kuuhimili. Katika jeti za kawaida, hewa ya ndani inaweza kuwa nyepesi kama ya mtu aliye kwenye mwinuko wa mita 2,400. Huo ni mwinuko wa juu zaidi ya mji wa Njombe, na mtoto wa Kitaya ameishi maisha yake yote karibu na usawa wa bahari.

Boeing 787 imeundwa kwa nyuzi za kaboni badala ya alumini, na mwili huo unahimili mgandamizo mkubwa zaidi. Kwa hiyo hewa yake ya ndani hulingana na mwinuko wa takriban mita 1,800, juu kidogo ya Mbeya mjini. Pia ina unyevu zaidi, hivyo koo na macho havikauki sana.

Pangaboi nazo zina unafuu wao. Huruka chini, kwa kawaida hazizidi futi 25,000, na kwa safari fupi huweza kuwa chini ya hapo, hivyo hewa ya ndani haiwi nyepesi sana. Ndege ndogo kama Cessna Caravan, ambazo hutua hata kwenye viwanja vya udongo, hazina mfumo wa mgandamizo kabisa. Kadiri rubani anavyopanda, ndivyo abiria wanavyopanda nao mlima.

Kwa mtoto mwenye afya hakuna tatizo katika lolote kati ya hayo. Kwa mwenye homa kali ya mapafu, upungufu mkubwa wa damu, ugonjwa wa moyo au selimundu, ambayo wengi huiita sikoseli, oksijeni kidogo inaweza kuwa hatari. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na selimundu, hivyo jambo hili si la familia chache.

Yafuatayo ni ya kuzingatia kabla ya kumpandisha mtoto ndege:

Mwambie daktari kwamba mtasafiri kwa ndege. Usiishie kusema mnakwenda Dar es Salaam. Anaweza kupima kiwango cha damu na oksijeni na kuandika barua ya ruhusa.

Mtoto mwenye selimundu aliyetoka kwenye maumivu makali asubiri. Ushauri wa kitaalamu ni karibu siku kumi tangu hali itulie, isipokuwa daktari ameamua vinginevyo. Safarini anywe maji mara kwa mara na asipigwe na baridi.

Mtoto aliyefanyiwa upasuaji wa kifua au tumbo hivi karibuni asipande bila idhini ya daktari. Hewa iliyobaki mwilini hutanuka ndege inapopanda.

Mtoto mchanga mwenye afya ni vizuri atimize angalau siku saba. Mapafu ya siku za mwanzo bado yanajipanga.

Mjamzito aulize masharti ya shirika mapema. Mashirika mengi hudai barua ya daktari kuanzia wiki ya 28 na hayamchukui mwenye mimba ya mtoto mmoja ikishapita wiki ya 36. Wa mapacha husimamishwa mapema zaidi.

Ndege ikianza kushuka, mwamshe mtoto umnyonyeshe. Kumeza hufungua njia ya masikio. Mkubwa mpe kitu cha kutafuna au mwambie apige miayo.

Kama anahitaji oksijeni au machela, liarifu shirika siku kadhaa kabla. Machela huchukua nafasi ya viti kadhaa na hulipiwa, na kwenye ndege ndogo huenda isiwezekane kabisa. Mitungi ya oksijeni ya hospitali kwa kawaida hairuhusiwi kuingizwa bila mpango maalumu.

Kwa dharura kubwa ipo huduma ya ndege za wagonjwa. Maarufu zaidi Afrika Mashariki ni ya madaktari wanaoruka ya AMREF, iliyoanzishwa mwaka 1957 na yenye makao Uwanja wa Wilson, Nairobi. Gharama yake ni kubwa kwa asiye na bima.

Ndege za kesho zinaundwa kwa ajili ya nani?

Viwanda vya ndege vinazungumza sana kuhusu kesho. Swali la mzazi wa kusini ni kama hiyo kesho ina viti vya kumtosha yeye.

Dalili za sasa hazifurahishi. Uundaji wa Q400 mpya ulisimama mwaka 2021. Dash 8-300, ndogo yake ya viti kama 50, iliachwa kuundwa tangu 2009. ATR ilikuwa na mpango wa toleo la ATR 42 lenye uwezo wa kutumia viwanja vya mita 800 tu, ndege ambayo ingefaa miji mingi midogo ya Afrika. Novemba 2024 kampuni ilitangaza kuachana na mpango huo.

Sababu ni hesabu. Kuunda ndege mpya hugharimu mabilioni ya dola, na fedha hizo hurudi haraka kwenye ndege za viti 150 na zaidi, zinazonunuliwa kwa mamia. Ndege ya viti 30 au 50 wanunuzi wake ni wachache na hawana fedha nyingi. Ni hesabu ileile inayofanya magonjwa ya maskini yakose dawa mpya.

Umeme umeleta matumaini kiasi. Kampuni ya Heart Aerospace, iliyoanzia Sweden, inaunda ndege ya viti 30 inayokusudiwa kwenda kilomita 200 kwa betri, na 400 ikisaidiwa na mafuta. Kilomita 400 ndiyo Mtwara na Dar es Salaam. Lakini ndege hiyo bado haijaanza kubeba abiria, na kikwazo kikubwa ni uzito. Kilo moja ya mafuta ya ndege ina nishati zaidi ya mara 40 ya kilo moja ya betri za sasa, na betri iliyotumika hubaki na uzito uleule hadi mwisho wa safari.

Airbus nayo ilitangaza mwaka 2020 kwamba inakusudia kuwa na ndege ya haidrojeni ifikapo 2035. Mwaka 2025 ilikiri kwamba itachelewa. Haidrojeni ya kimiminika inataka kutunzwa kwenye baridi ya nyuzi 253 chini ya sifuri. Muuguzi wa kijijini anayehangaika kuzitunza chanjo kati ya nyuzi 2 na 8 anaelewa ugumu wake bila kuelezwa.

Kinachoweza kuwahi kufika Kitaya ni ndege isiyo na rubani. Mwaka 2018, DHL, kampuni ya Wingcopter na shirika la maendeleo la Ujerumani, GIZ, walijaribu kupeleka dawa kutoka Mwanza hadi Kisiwa cha Ukerewe. Kilomita 60 zilichukua dakika 40, bila kusubiri kivuko. Rwanda imekuwa ikisafirisha damu kwa njia hiyo tangu 2016. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua hahitaji kusafirishwa kama damu inaweza kumfuata alipo.

Kusini wanahitaji nini?

Kila ndege mpya inapotua Dar es Salaam hupokewa kwa ngoma na kumwagiwa maji, na viti vyake huhesabiwa kwa fahari. Mkoa ulio mbali una hesabu zake. Je, ndege itakuja Jumanne kama ratiba inavyosema? Ikiharibika, ipo nyingine ya aina hiyohiyo? Nauli yake inalipika na mkulima kabla ya msimu wa korosho? Inaweza kumpokea mtoto aliye kwenye machela?

Kwa maswali hayo, pangaboi ya viti 70 inayoruka kila siku inaweza kuwa na thamani zaidi kwa Mtwara kuliko jeti nzuri inayokuja pale injini inapopatikana. Uwanja wa mita 2,800 umewapa watu wa kusini haki ya kupokea aina zote mbili. Kuchagua ipi ije, mara ngapi na kwa nauli gani, ni uamuzi ambao Wizara ya Afya ingepaswa kuwa na kiti mezani unapofanywa.

Kwa sasa, mzazi wa Kitaya mwenye barua ya rufaa mkononi afanye mambo matatu kabla ya kukata tiketi: aulize kama huduma anayoitafuta haipatikani kwanza Mitengo, apate maandishi ya daktari kuhusu kuruka, na aombe kliniki miadi yenye siku moja au mbili za akiba. Ndege huahirishwa, na hospitali kubwa huwa na foleni. Siku mbili za akiba zinaweza kumwokoa mtoto asirudishwe mwisho wa orodha.